Anza na spana, kabati litasubiri

Ndugu yangu, nimekuelewa: una Toyota moja, gereji ya nyumbani hapo Dar inayoshika unyevu, na hela kidogo, na hujui uanze na kabati la droo au vifaa. Anza na vifaa.

Yale maseti ya vipande mia na ushee achana nayo, mengi humo hutayagusa. Kwa Toyota, saizi za kila siku ni milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19, pamoja na 21 ya nati za magurudumu. Nunua spana za ringi na mdomo za saizi hizo, halafu boksi spana (soketi) zenye tundu la pembe sita. Zile za pembe kumi na mbili zinakula haraka kichwa cha bolti yenye kutu. Ongeza bisibisi, plaisi na nyundo, basi.

Ukifika Kariakoo, nenda na bolti mfukoni. Itie kwenye mdomo wa spana uitikise. Ikicheza sana, rudisha spana hiyo, hata kama imeandikwa Chrome Vanadium (aina ya chuma kigumu). Maandishi hayo hata feki huwa nayo.

Kuhifadhi? Mchomeleaji wa mtaani atakutengenezea sanduku la bati lenye kufuli. Spana zitundike kwenye ubao wa plaiwudi kwa misumari, na uzipanguse kwa kitambaa chenye oili, la sivyo kutu itazimaliza.

Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Nunua stendi mbili za kushikilia gari kabla ya hilo kabati. Breki na mifuko ya hewa (airbag) mwachie fundi.