Tizi la Jumatatu Linalofia Alhamisi

Maswali ya wiki hii yametoka Kigoma mjini na Ujiji, na mengi yanalia kilio kimoja: kuanza mazoezi naanza, mbona sidumu?

Mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kipo Mwanga. Kila Jumatatu naamka saa 11 alfajiri kukimbia, ikifika Alhamisi nimeshaacha. Nikikosa siku moja naona nimeharibu yote. Ni uvivu?

Mvivu haamki saa 11, kaka, hilo tuliweke pembeni. Watafiti wa University College London waliwahi kufuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia kuzoeleka. Kuna waliozoea kwa siku 18, na kuna waliokadiriwa kuhitaji 254. La kukufaa zaidi ni hili: kukosa siku moja hakukuwarudisha nyuma. Basi Alhamisi yako nakusamehe, nakudai Ijumaa.

Halafu hiyo alfajiri umeilazimisha. Funga tizi kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku, mfano kupaki pikipiki jioni. Ukishazima injini, itazame mikono yako: vidole bado vimejikunja vile vilivyoshika klachi, na mabega yamepanda karibu na masikio. Vikunjue kimoja kimoja, shusha mabega, kisha tembea dakika kumi simu ikiwa mfukoni. Sikiliza nyayo na pumzi. Akili ikikimbilia hesabu ya bosi, na itakimbilia tu, irudishe kwenye nyayo bila kujigombeza. Ukiona kumi zimekuwa nyepesi, ongeza. Kukimbia kutakuja kwenyewe.

Mwalimu, naanika dagaa Kibirizi tangu alfajiri mpaka jua likali. Binti yangu ananisisitiza nifanye mazoezi. Haya ninayofanya ni nini?

Shikamoo mama. Ni mazoezi, na binti aambiwe. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, na kazi ya mikono inahesabika. Wewe huenda unazimaliza kabla ya Jumatano.

Ninachohofia ni kiuno, maana kazi yako ni kuinama tu. Kila ukifika mwisho wa chanja, simama wima, mikono kiunoni, vuta pumzi mpaka tumbo lijae, uitoe polepole kuliko ulivyoivuta. Mara tatu, urudi kazini. Na ndoo usiinyanyue kwa mgongo: chuchumaa, isogeze karibu na kifua, ndipo uinuke nayo.

Huku kutuliza akili mnakokuhubiri si ibada ya watu wengine? Mimi naswali swala tano, nipo Ujiji.

Mizizi yake ipo kwa Wabudha, mzee wangu, sikufichi. Lakini namna inayofundishwa hospitalini ilianzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979, University of Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo. Ni mafunzo ya wiki nane, hayana dua wala sanamu. Moyo ukikataa, acha; tembea tu kutoka msikitini baada ya Alfajiri ukiangalia unapokanyaga. Ila yeyote atakayekuambia pumzi inatosha uache vidonge vya presha, mkimbie.

Mvua zikianza, njia za Katubuka ni tope tupu. Nifanyeje?

Chumbani panatosha. Chuchumaa na kuinuka, piga pushapu za ukutani, panda na kushuka kizingiti. Ule mwongozo unataka misuli ikazwe angalau siku mbili kwa wiki; mpe mvua siku hizo.

Sina saa ya kupima mapigo. Nitajuaje kasi inatosha?

Panda barabara ya Lumumba kutoka stesheni kuelekea Mwanga. Kama unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda, kasi ni ya wastani. Ukiimba ubeti mzima, kaza mwendo. Ukishindwa hata kujibu salamu, punguza. Kifua kikibana, au maumivu yakipanda begani au tayani, simama papo hapo na uende hospitali, usisubiri kesho.