JIBU: Nataka kuacha chuo kidogo nifanye kazi Watamu, mwakani nirudi

Usiende. Wewe kijana wa Malindi usiende kwanza, soma hapa mpaka mwisho ndio ufunge begi. Umeuliza kama unaweza kuondoka sasa mwaka wa pili kwa sababu karo imekushinda na kuna hoteli Watamu imekuita, ukauliza na HELB, ule mkopo wa serikali wa masomo, itakuwaje. Na waliokutangulia kujibu wanakwambia "chuo hakikimbii". Kweli hakikimbii, kinakufuta jina na chenyewe kimekaa palepale.

Pesa tafuta, hakuna anayekukataza. Ila USITOKE CHUONI BILA BARUA YA KUAHIRISHA MASOMO. Hiyo hiyo mnayoita kudifa. Iwe na saini na muhuri, na nakala uwe nayo wewe.

Mimi ni mtu wa Lamu. Mzee wangu mvuvi, na mwaka ule kusi ilikuwa kali bahari haiingiliki, karo ikabaki deni, nami nikapata kazi kwenye nyumba ya wageni kule Shela. Nikamuuliza mwana wa ami yangu, yeye alikuwa mwaka wa nne na kila kitu cha chuo anakijua yeye, akaniambia wewe nenda tu, ukirudi utasajili yuniti ulizoacha, kila mtu anafanya hivyo. Kila mtu nani? Mpaka leo sijamuona hata mmoja. Kwa usalama nikapita na ofisini, karani bila hata kuinua macho akasema "ukipata pesa uje". Basi nikafurahi, nimeruhusiwa! Ukipata pesa uje! Mwenye duka naye hukwambia hivyo hivyo na huku anaandika kwenye daftari.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinaendelea wakati mimi nabeba masanduku ya Wataliano kwenye mchanga. Kwenye mtambo wa chuo mimi bado ni mwanafunzi, yuniti nilikuwa nishasajili mwanzo wa semista, hakuna pahali pameandikwa kwamba huyu ana shida ya karo au yuko Shela. Mitihani ikaja, sipo. Kila karatasi ikaandikwa sikuhudhuria, na kutohudhuria bila idhini ni sawa na kufeli, na ukifeli zote kwa mpigo hawakuiti kwenye mitihani ya marudio, wanakuondoa. Barua ya kuniondoa wameituma kwenye ile baruapepe ya chuo ambayo mimi nenosiri lake nilisahau zamani. Hapo chekeni tu, mamangu mwenyewe alicheka, kabla hajalia.

Niliporudi na pesa yangu kwenye bahasha nilijiona bwana. Dirishani kulikuwa na mama mmoja ana mahamri kwenye karatasi, akabonyeza nambari yangu ya usajili kwa kidole kimoja maana vingine vina mafuta, akaigeuza skrini kidogo nione. Jina langu lipo, na mbele yake wameandika nimeondolewa. "Barua yako ya kudifa iko wapi?" Nikamwambia niliambiwa nikipata pesa nije. "Na nani?" Yule karani wa kwanza kashahamishwa idara, jina lake sikuwahi kuuliza. Mwana wa ami kashahitimu, picha za joho zimejaa kwenye status, simu hapokei. Nikakata rufaa, wakataka ushahidi kwamba niliomba ruhusa. Ushahidi wangu ulikuwa mdomo wa karani! Nikaambiwa nikitaka niombe nafasi upya nianze mwaka wa kwanza, yaani yuniti zote nilizopita zimekwenda na maji, kama niliyemaliza kidato cha nne jana.

Na hao wanaokwambia HELB inamdai aliyehitimu peke yake, wallahi wakuombe radhi. Uliyochukua unadaiwa hata kama cheti huna, riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na ukinyamaza muda wako wa kulipa ukifika kuna faini ya 5,000 kila mwezi. Shahada sina, deni ninalo.

Halafu hiyo kazi ya Watamu uliuliza ni mpaka lini? Wewe ni wa Malindi, nikufundishe mimi? Mvua za mwezi wa nne zikianza wageni wanaondoka, hoteli nyingine zinafunga kabisa, na wa kwanza kurudishwa nyumbani ni wa msimu. Utakuwa huna kazi na huna chuo.

Fanya hivi wiki hii. Andika barua kwa mkuu wa kitivo chako, sema wazi ni karo, weka na barua ya chifu, na uipeleke kabla mitihani haijakaribia maana wakati wa kuomba una mwisho wake. Usiiache mezani kwa mtu, mwambie agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Kisha usiondoke, hiyo ni ya kuomba tu! Subiri ya kukubaliwa, iwe na tarehe ya kurudi, nayo ipige picha umtumie mamako. HELB pia wajulishe. Na kama uliingia na ule mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, wa kupanga wanafunzi kwa bendi kulingana na uwezo wa nyumbani, na wamekuweka bendi ya wenye nacho, kuna rufaa ya bendi, jaribu hiyo na basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneobunge, kama ipo, na ya kaunti kabla hata ya kufikiria Watamu. Unaweza kukuta kumbe hukuwa na haja ya kuondoka.

Na wewe uliyeandika pale juu "mimi niliondoka na nikarudi bila shida", hebu sema ulikuwa na barua au hukuwa nayo, usimpoteze mtoto wa watu.

Mdogo wangu, yuniti za semista hii umeshasajili au bado? Nijibu hilo leo, kwa sababu kama umesajili saa yako imeshaanza kuhesabiwa.