Mara, saa au wakati?

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii mjini Arusha, na ninajifunza Kihispania kwa kutumia kamusi ya Kiingereza. Hivi karibuni niliwaandikia wageni kutoka Hispania kwamba nimepanda Kilimanjaro mara kumi na mbili, nikaandika "doce tiempos", kwa kuwa kamusi yangu inasema "time" ni "tiempo". Wageni walicheka. Nilikosea wapi?

JIBU: Ulikosea pale ulipoiacha "mara" ambayo tayari ulikuwa nayo, ukazungukia kwenye Kiingereza. Neno "time" limebeba mambo ambayo Kiswahili huyatenga, na Kihispania nacho huyatenga karibu vilevile: "tiempo" ni wakati au muda, "hora" ni saa, na "vez" ni mara. Ungeandika "He subido el Kilimanjaro doce veces", ukikumbuka kwamba katika wingi herufi z ya "vez" hugeuka c. Wahispania nao huhesabu "tiempos", lakini huhesabia vitu vingine: kipindi cha kwanza cha mpira ni "primer tiempo", na injini ya pikipiki yenye mapigo manne ni "motor de cuatro tiempos". Si ajabu wageni wako walicheka.

Hata hivyo, usikitegemee Kiswahili kwa kila jambo. Sisi husema "wakati wa kula", ilhali wao husema "hora de comer". Na katika hesabu, tatu mara nne kwao ni "tres por cuatro", bila "veces" yoyote. Penye hatari zaidi kwa mtu wa kazi yako ni saa yenyewe, kwa sababu ukitaka gari liondoke saa mbili asubuhi nawe ukamwambia mgeni "a las dos", atatokea saa nane mchana, wakati ulipaswa kumwambia "a las ocho de la mañana".

Jambo la mwisho linahusu mlima. Mgeni akitoka hemani alfajiri akakuuliza "¿Qué tiempo hace?", usiitazame saa yako, kwani "tiempo" hapo ni hali ya hewa, tazama juu, kisha umjibu "Hace frío" ikiwa ni baridi, au "Está lloviendo" ikiwa mvua inanyesha.