Kabla hujatoa injini ya hiyo 109, pigia chesisi nyundo

Mkuu, umesema umerithi Land Rover 109 Series III ya petroli, pikapu, iliyokaa uani kwa mjomba wako Tanga zaidi ya miaka kumi. Unauliza kama uanze kwa kutoa injini na kupachika dizeli ya Toyota, kazi yote uifanyie nyumbani. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu ninayo kama hiyo. Ilikuwa ya marehemu baba, aliyekuwa akishusha nayo kabichi na karoti kutoka Lushoto hadi Mombo. Nimeifufua mwenyewe hapa Korogwe kwa miaka mitatu, Jumamosi moja baada ya nyingine. Jibu langu ni hapana. Injini iache iwe kazi ya mwisho, na ukifika huko huenda hiyo dizeli usiitamani tena.

Anza na chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima. Bodi ya Land Rover huwahadaa watu kwa sababu haili kutu. Ile ni aloi ya alumini waliyoamua kuitumia gari hili lilipoanza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Chesisi na fayawoli (ule ukuta kati ya injini na kabini) ni chuma, na gari lililokaa Tanga limevuta hewa ya chumvi muda wote huo. Tena chesisi yake ni ya boksi, matope yanaingia ndani na hayatoki, kwa hiyo inaoza kwa ndani huku nje bado ina rangi nzuri.

Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga sentimita kwa sentimita. Chuma kizima kinalia mlio mkali. Kilichooza kinatoa sauti nzito, kama debe lenye mchanga. Ukisikia hivyo chukua bisibisi usukume. Yangu, pale nyuma panaposhikia springi ya kushoto, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, na nilipoichomoa ukamwagika udongo mwekundu uliochanganyika na magamba ya kutu, karibu ujazo wa kopo la maziwa. Ule udongo ni wa Usambara. Baba aliuleta mwenyewe, safari kwa safari. Nilikaa nao mkononi muda mrefu kidogo.

Kwenye kuchomelea, usikubali fundi abandike bati juu ya kutu. Kata mpaka ukutane na chuma kinachong'aa, halafu weka bati la milimita 3. Chomoa betri, chomoa na waya za alteneta. Tangi la petroli litoke kabisa lipelekwe mbali, na usijipe moyo kwamba ni tupu: tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Ukimaliza, puliza oili ndani ya boksi la chesisi kupitia matundu yake. Panapokutana chuma na alumini, weka rangi au silanti katikati, la sivyo alumini itakuwa inageuka unga mweupe mwaka hadi mwaka.

Kuhusu kuinua gari, hili nakuomba ulisome mara mbili. Handbreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika propela, ile shafti inayopeleka mzunguko ekseli ya nyuma, pale nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu (gia za katikati ya ekseli) inaliruhusu lizunguke hewani, na gari linatembea huku handbreki imevutwa hadi mwisho. Yangu iliteleza kutoka kwenye jeki namna hiyo. Mguu wangu ulikuwa umetoka chini ya ekseli sekunde chache kabla, nilikuwa nimegeuka kuchukua spana. Weka vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na gari likalie stendi za chuma au magogo mazito. Tofali la saruji hupasuka ghafla, bila dalili.

Sasa breki, na hapa sitakuwa na haraka. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimekaa mbele na baba, tumepita Soni tunashuka na shehena. Wanaoijua ile barabara wanajua: kona juu ya kona, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde. Baba akakanyaga pedeli ikaenda hadi chini. Hakusema neno. Aliingiza gia ya pili, injini ikalia kwa nguvu, akalisogeza gari taratibu mpaka ubavu ukasugua ukingo wa mlima likasimama. Kumbe wiki mbili kabla gereji moja ilikuwa imeongezea oili ya kawaida kwenye kopo la mafuta ya breki. Oili huvimbisha ile mipira ya wili silinda, silinda ndogo za kwenye magurudumu zinazosukuma brekishuu. Moja ilikuwa imevimba, ikapinda, ikaachia. Na kwa kuwa breki za gari letu ni za laini moja, uvujaji wa gurudumu moja uliondoa breki za magurudumu yote manne.

Ndiyo maana nakwambia, kwa gari lililokaa miaka kumi usijaribu hata kutazama kama breki "bado zipo". Nunua mpya: masta silinda (ile kubwa inayosukumwa na pedeli), wili silinda zote, hozi za mpira zote, na paipu za chuma zilizoliwa. Weka mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka kwenye kopo lililofungwa. Ukifungua dramu usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo, kwa sababu brekishuu za zamani zilikuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji.

Kutoa upepo kwenye breki za 109 huwasumbua watu kwa sababu magurudumu ya mbele yana wili silinda mbili kila moja, na upepo hujificha kwenye ile ya juu. Mzee mmoja fundi hapa mtaani, niliyemwamkia nikiwa nimeshamaliza lita nzima ya mafuta, aliniuliza tu, "Mwanangu, ajasta umezikaza?" Ajasta ni zile nati za kusogeza brekishuu karibu na dramu, na sikuwa nimezikaza. Kaza ajasta zote mpaka brekishuu zishike dramu, ndipo utoe upepo ukianzia gurudumu la mbali na masta silinda, halafu uzilegeze mpaka gurudumu lizunguke. Pedeli ilisimama juu siku ile ile.

Ukiwa umeshafungua dramu, angalia beringi na yale mabakuli ya mbele yanayogeuka na usukani. Yakiwa na vishimo vya kutu, sili mpya haitasaidia, itachanika ndani ya mwezi na oili itavuja. Yangu niliyabadilisha yote mawili. Nati ya habu (kitovu cha gurudumu) inataka boksi spana ya 52. Kaza huku unazungusha habu mpaka uhisi inakuwa nzito, rudisha kidogo sana, ubaki na mchezo wa kama milimita 0.1, halafu kunja ile washa ya kufungia. Washa iwe mpya, usirudie ya zamani.

Hili la spana linaudhi watu wengi bure. Nati nyingi za gari hili ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia ikiwa imelegea na inakula pembe za nati. Ile ya 9/16 ni zaidi kidogo ya 14: spana ya 14 haiingii, ya 15 inaharibu. Tafuta seti ya inchi hata ya mtumba, Gerezani kule Dar au Unga Limited Arusha hutakosa.

Baada ya hapo ndipo uitazame injini. Ile ya cc 2,286 ni ngumu kufa. Kama inazunguka kwa mkono ukishatoa plagi, una bahati. Mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache ilale, badilisha oili na filta, safisha tangi. Kama inawaka lakini inatikisika ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na kunywa petroli ovyo, shuku kabureta ya Zenith kabla ya kushuku ringi. Kile kifuniko chake cha juu hupinda kwa joto na kukaza skrubu kupita kiasi. Nilitandika msasa laini juu ya kioo cha dirisha, nikakisugua kwa mduara mpaka alama zikawa sawa uso mzima. Ilichukua saa moja, na matumizi ya mafuta yakashuka wazi wazi.

Nafasi ya valvu ipime milimita 0.25, injini ikiwa ya moto au baridi. Kuna njia ya kukumbuka: valvu ziko nane, na namba mbili zinazoendana zikijumlishwa lazima zifike tisa. Namba 1 ikiwa imefunguka kabisa rekebisha namba 8, namba 3 ikifunguka rekebisha 6, hivyo hivyo hadi mwisho.

Na dizeli? Hesabu hii niliifanya mwenyewe kwenye daftari. Difu za gari hili zina uwiano wa 4.7. Kwa tairi za 7.50-16, kilomita 80 kwa saa kwenye gia ya nne ni karibu mizunguko 2,900 ya injini kwa dakika, na kilomita 100 ni kama 3,600. Injini yoyote utakayoweka kwenye giaboksi hiyo hiyo itazunguka hivyo hivyo. Kwa hiyo dizeli peke yake haikupi mwendo, mpaka ubadilishe difu zote mbili, na lazima ziwe za uwiano mmoja, la sivyo siku utakapoingiza gia ya magurudumu manne kwenye barabara kavu utavunja kitu. Ongeza bati la kuunganishia, mikono ya injini, rejeta, waya, na giaboksi ambayo haikuundwa kwa nguvu hiyo. Na namba ya injini itabidi ibadilishwe kwenye kadi ya gari.

Mabadiliko niliyoyafanya mimi ni madogo. Nilifungua springi zote nne, nikatenganisha majani yaliyoshikana kwa kutu, nikayapiga brashi ya waya na grisi, nikarudisha. Baba hakuwahi kuliona gari lake likiwa laini namna ile. Nikaweka alteneta yenye nguvu zaidi na taa zinazoona mbali. Mwezi wa nne nilipanda nalo Lushoto na gunia sita za mbolea, na wakati wa kushuka, pale Soni, nilikanyaga breki na gari likasimama.

Piga picha za chesisi chini, nyuma ya springi zote nne na pale fayawoli inapokalia miguu yake, uziweke hapa. Nitakwambia pa kukata.