Fundi Anajibu: Mustang yangu inatangatanga barabarani, ninunue koilova?

Shikamoo fundi. Nina Mustang kupe ya mwaka 1966, injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, gia za mkono na usukani usio na pawa. Bodi ni safi na injini haina kasoro. Shida ni barabarani. Nikifika maili 60 kwa saa inatangatanga, mikono yangu haipumziki kwenye usukani. Kwenye kona inalala upande, nikikanyaga breki pua inazama, na nikipita kwenye matuta upande wa mbele unalia kwii, kwii. Shemeji ananiambia ning'oe kila kitu cha mbele, niweke seti ya koilova (springi na shokapu zilizounganishwa kuwa kitu kimoja) na kuishusha inchi 2. Seti yenyewe ni maelfu ya dola. Niinunue?
Baba Neema, Houston, Texas

Marahaba, Baba Neema. Usiinunue, angalau si sasa. Kila ulichokitaja nimekikuta chini ya gari hizi tangu nilipoanza kuzishika hapa Marekani, na sehemu kubwa inatibika kwa fedha kidogo kuliko hiyo.

Kwanza ujue gari yako imejengwaje. Mustang ilipotoka Aprili 1964 ilirithi sehemu nyingi za chini kutoka kwa Ford Falcon, gari ndogo ya familia. Springi ya mbele haikukaa juu ya mkono wa chini (mikono ni vyuma vinavyounganisha tairi na bodi) kama kwenye gari nyingi za Kimarekani za wakati ule. Imekaa juu ya mkono wa juu, na kichwa chake kimeingia ndani ya mnara wa bati uliochomelewa kwenye bodi, mmoja kila upande wa injini. Kwa hiyo uzito wa mbele unabebwa na mkono wa juu, boljointi ya juu (kiungo chenye tufe la chuma kinachogeuka kila upande) na ile minara. Ukishalielewa hilo utajua pa kuangalia.

Kutangatanga kuna sababu mbili, na kwako nadhani zote zipo. Ya kwanza ni uchakavu. Gari ikiwa chini kwa matairi yake na injini imezimwa, mwombe mtu akae ndani akichezesha usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo. Wewe lala chini na tochi. Angalia kila kiungo kuanzia boksi ya stelingi, fimbo ya kati, aidla (mkono unaoshika fimbo hiyo upande wa pili), hadi tairodi za mwisho. Pale utakapoona chuma kimoja kimeshatembea na kinachofuata bado kimesimama, hapo pamekwisha. Usimruhusu mtu aikaze boksi ya stelingi kabla ya kazi hii. Wengi hukimbilia ile skrubu ya juu, wakaikaza kupita kiasi ili kufidia tairodi mbovu, na boksi nzima ikaharibika.

Boljointi ya juu ina utaratibu wake. Ukiinua gari kwa jeki tu, springi inausukuma mkono chini kwa nguvu na boljointi iliyokufa itajifanya nzima. Kabla ya kuinua, chomeka kipande cha mbao ngumu kati ya mkono wa juu na bodi ili mkono usishuke. Kisha inua, weka stendi, ushike tairi juu na chini ulitikise. Hapo itasema ukweli.

Ule mlio wa kwii mara nyingi unatoka kwenye kikalio cha springi juu ya mkono. Kina bushi ya mpira, na ikikauka ndiyo inayolia. Kama utafungua mbele, weka vikalio vya beringi badala ya mpira. Mlio unaisha na mkono unapanda na kushuka bila kukwamakwama. Ni pesa ndogo mno kwa raha inayoleta.

Sababu ya pili ni alaimenti, yaani jinsi pembe za matairi zilivyopangwa. Vipimo vya kiwanda vya 1966 viliandikwa kwa tairi za zamani ambazo nyuzi zake zimepishana kwa mshazari. Leo umevaa radia, tairi za kisasa, na radia zinataka casta (mlalo wa mhimili wa tairi kuelekea nyuma) kubwa zaidi ili usukani urudi katikati wenyewe na gari ishike mstari. Ukimpelekea kijana wa alaimenti naye akafungua kompyuta na kusoma vipimo vya 1966, atakurudishia gari ileile inayotangatanga. Mwandikie kwenye karatasi: casta chanya digrii 2, kwa kuwa usukani wako hauna pawa (wenye pawa waende hadi 3), camba hasi nusu digrii (juu ya tairi paingie ndani kidogo), na tairi za mbele ziingie ndani kwa milimita 3. Kwenye gari yako casta na camba zinarekebishwa kwa vipande vyembamba vya shimu kwenye bolti za mkono wa juu. Tafuta fundi mwenye subira ya kuvipanga. Hakikisha tu umeshabadilisha vilivyochakaa, kwa sababu huwezi kupima kitu kinachocheza.

Sasa kulala kwenye kona. Hapa ndipo naipenda sana gari hii. Carroll Shelby, mtengenezaji wa magari ya mbio, na watu wake kule California walipoigeuza Mustang kuwa GT350 mwaka 1965, walitoboa matundu mapya na kuishusha mikono ya juu inchi 1. Mikono ikiwa pale ilipowekwa na kiwanda, bodi inapolala kwenye kona tairi la nje linainama kwenda nje na kubaki limesimamia ukingo. Ukiushusha mkono, pembe yake inabadilika, na bodi ikilala tairi linajivuta ndani na kukanyaga lami kwa upana wake. Hata GT350 zenyewe baadaye mwaka 1966 ziliachishwa kazi hiyo ili kupunguza gharama, lakini wewe unaweza kuifanya Jumamosi moja. Kiolezo kinauzwa. Kinafungwa kwenye matundu ya zamani na kukuonyesha mapya, inchi 1 chini na moja ya nane ya inchi nyuma. Anza na biti ndogo ya drili, panua polepole, malizia na ya inchi 17/32. Mbele itashuka zaidi kidogo ya nusu inchi bila kuikata springi. Usizidishe ile inchi 1, ukizidisha boljointi ya juu itafika mwisho wa pembe yake.

Ukifungua mnara, ukague. Piga brashi ya waya uone kama kuna nyufa pembeni mwa alama za kuchomelea. Kwa miaka mingi springi imekuwa ikiisukuma ile minara, na minara husogea kuelekea injini. Ford walilijua hilo. Mustang zilizouzwa ng'ambo kwenye barabara mbaya zilifungwa kiungo kizito cha kipande kimoja kutoka ukuta ulio kati ya injini na abiria hadi kwenye minara yote miwili, wakati zilizobaki Marekani zilipewa viwili vyepesi. Shelby naye alifunga kile kizito. Kinunue. Ukikuta matundu hayalingani, usidhani umeuziwa kibovu. Minara ndiyo imesogea, na inabidi isukumwe nje taratibu kwa jeki hadi bolti ziingie. Wasomaji wa Afrika Mashariki wataelewa haraka kwa nini kilihitajika: mwaka 1964 Wamarekani walileta kwenye mbio za East African Safari gari kadhaa za Mercury Comet, ndugu wa tumbo moja na Falcon, na zilizomaliza zilikuwa mbili tu. Mshindi alikuwa Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Bill Young.

Baada ya hapo, stebilaiza (fimbo inayozuia gari kulala upande) ya mbele yenye unene wa inchi 1, kama ya GT350, na shokapu nzuri za gesi. Stebilaiza itapunguza kulala, na shokapu zitapunguza kasi ya pua kuzama. Nyuma usiongeze stebilaiza kwanza. Angalia bushi za springi za bapa, bolti za U, na kama kuna bapa lililopasuka. Springi mpya za mbele ziwe za mwisho kabisa, na ukizikuta zile za zamani bado zimesimama sawa pande zote mbili, ziache.

Fanya hayo, uiendeshe msimu mzima, kisha uniandikie kama bado unazitaka koilova. Na breki zako kama bado ni za ngoma mbele, fedha iliyobaki ipeleke huko.

*

Fundi, kijana wangu ana Chevrolet Chevelle ya 1970. Rafiki zake wanataka kuishusha kwa kukata springi za mbele kwa moto wa gesi. Nina wasiwasi.
Mama Zuhura, Columbus, Ohio

Mama Zuhura, wasiwasi wako ni wa haki, na tafadhali wazuie. Moto unaua ugumu wa chuma cha springi, na pale ulipopita itaanza kulegea au kuvunjika. Springi hukatwa baridi kwa diski, nusu mzunguko kwa mara moja. Hata hivyo ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, na gari inarukaruka. Springi fupi zilizotengenezwa kwa Chevelle zinapatikana kwa wingi, anunue hizo. Pamoja nazo anunue boljointi ndefu za juu, kwa sababu tairi la mbele la Chevelle nalo huinama nje kwenye kona na zile ndefu zinalirekebisha.

Kubwa kuliko yote ni usalama wake wakati wa kufungua. Kwenye Chevelle springi imebanwa kati ya fremu na mkono wa chini. Boljointi ikiachia kabla springi haijafungwa, inaweza kumuua aliyeinama mbele yake. Aifunge kwa kikandamizio cha ndani, apitishe mnyororo ndani ya springi na kuufunga kwenye fremu, aweke jeki ya magurudumu chini ya mkono, ndipo aguse nati ya boljointi. Nati hiyo ailegeze mizunguko michache tu, asiitoe, hadi boljointi iachie ikiwa bado imeshikwa na nyuzi za nati. Kisha ashushe jeki taratibu, yeye mwenyewe akiwa amesimama pembeni.