Kabla Hujapima Mtoto wa Mtu: kwa mnaoanza utafiti wa lishe

Kila msimu wa utafiti naona sura mpya. Wengine wanatoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Muhimbili wakiwa wamesomea lishe au afya ya jamii, wengine wamesoma sosholojia, wakaona tangazo la kukusanya takwimu wakaomba. Karibuni sana. Nimefanya kazi hii vijijini na nimesimamia timu, na kama mngenipa nafasi ya kuwaambia jambo moja tu, lingekuwa hili: takwimu ya lishe hutengenezwa mlangoni kwa mama. Ikiharibikia pale, hakuna fundi wa kompyuta atakayeiponya.

Kwanza jueni mnachokitafuta. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu 50. Hiyo ndiyo mikoa inayolima mahindi, maharage na viazi vinavyoliwa hadi Dar es Salaam. Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Ukielewa inawezekanaje, umeanza kuielewa kazi yenyewe.

Swali hilo lilishaulizwa hukohuko Iringa miaka ya 1980, katika programu ya lishe iliyoendeshwa na serikali pamoja na WHO na UNICEF kwa fedha za Italia, ikaanzia kwenye vijiji 168. Watoto walipimwa siku ya afya ya kijiji, wanakijiji wakakaa chini kujadili kwa nini fulani na fulani hawakui, wakaamua la kufanya, kisha wakapima tena. Uzoefu huo ulichangia sana mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutoa 1990 na ambao mpaka leo unafundishwa duniani kote. Chakula ni nguzo moja tu humo. Nyingine ni matunzo ya mama na mtoto, na ya tatu ni huduma za afya pamoja na maji na usafi. Chini ya zote kuna kipato, mila, na nani mwenye sauti ndani ya nyumba. Najivunia kwamba fikra hii ina mizizi kwetu, na ninasikitika nikikutana na mhitimu anayeijua kama mchoro wa kwenye slaidi tu.

Kwa hiyo ukifika kwenye kaya, tazama zaidi ya sufuria. Mama akiwa shambani tangu alfajiri, mtoto anabaki na nani? Uji wa asubuhi ni mzito au ni maji yenye rangi? Maji yanachotwa wapi? Mtoto ameharisha mara ngapi tangu mvua zianze? Mayai ya kuku wale wanaozunguka uani yanaliwa au yanauzwa, na hela anashika nani? Dodoso lako huenda halina nafasi ya yote hayo. Beba daftari dogo.

Vibali sitavikalia. Kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), barua za mkoa na halmashauri, kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke hatua hata kama umeambiwa mwenyekiti hana neno. Yeye ndiye ataulizwa usiku ule wale wageni walikuwa akina nani.

Sasa vipimo. Mtoto aliye chini ya miaka miwili anapimwa urefu akiwa amelala kwenye ubao, aliyevuka hapo anasimama. Mtoto huyohuyo akilala anazidi kwa takriban sentimita 0.7 kuliko akisimama, ndiyo maana utaratibu haubadilishwi kwa sababu mtoto analia. Ni kazi ya watu wawili. Msaidizi anapiga magoti upande wa kichwa, anakishika kwa viganja viwili mpaka kiguse ubao, macho ya mtoto yakitazama juu moja kwa moja. Mpimaji anabana magoti yanyooke kwa mkono mmoja, kwa mwingine anasogeza kibao cha miguuni mpaka kiguse visigino vyote viwili. Anasoma kabla hajamwachia mtoto, anataja namba kwa sauti, msaidizi anairudia kabla ya kuiandika. Viatu na kofia vimetoka. Mabutu yakiwa utosini, mwombe mama ayafungue, na umweleze kwa nini, maana amelipia kusukwa. Mama mwenyewe akae karibu na uso wa mtoto amsemeshe. Hilo linatuliza kuliko pipi.

Soma mpaka milimita. Nikipokea takwimu za timu, kitu cha kwanza ninachotazama ni tarakimu ya mwisho. Kila tarakimu, sifuri hadi tisa, inapaswa kutokea karibu mara moja katika kila kumi. Nikiona urefu mwingi umeishia na .0 au .5, najua mpimaji alikuwa anakadiria, na sina haja ya kuuliza zaidi.

Umri ndio unaowaangusha wengi, kwa sababu unaonekana rahisi. Chukua mtoto wa kiume mwenye sentimita 72. Kwa viwango vya WHO vya 2006, mpaka wa udumavu kwa mvulana wa miezi 12 ni sentimita 71.0, kwa hiyo hajadumaa. Akiwa na miezi 14 mpaka ni 73.1, kwa hiyo amedumaa. Ni urefu uleule kwenye ubao uleule, na jibu limegeuzwa na miezi miwili ya umri. Omba kadi ya kliniki, soma tarehe wewe mwenyewe. Kadi ikiwa imeungua au imebaki kwa mume mjini, tumia kalenda ya matukio mliyoiandaa na wazee wa pale: alizaliwa kabla ya mavuno au baada? Mwenge wa Uhuru ulikuwa umepita? Ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulikuwa umeanza kugemwa? Mama atafika kwenye mwezi wenyewe, ila umpe muda.

Tukija kwenye mahojiano ya mlo wa saa 24, hapa ndipo mtafiti mzuri anapojitenga na wengine. Mama aliyehudhuria kliniki anayajua majibu sahihi kukushinda. Ukimuuliza, "Huwa unamlisha mtoto mara ngapi?" atakujibu mara tano, na vyakula vya makundi yote. Anakuheshimu, na pia hataki kuonekana mama mbaya mbele ya mgeni mwenye kishikwambi. Muulize ya jana, hatua kwa hatua, tangu mtoto alipofumbua macho.

"Shikamoo mama. Jana mtoto alipoamka, kitu cha kwanza alichokula au kunywa ni nini?"

"Marahaba. Alikunywa uji."

"Baada ya uji?"

"Hakula kitu mpaka mchana, nilikuwa shamba."

"Ulipokuwa shamba alibaki na nani?"

"Na bibi yake."

Na bibi, aliyekuwa anachambua maharage pembeni, anadakia: "Mbona nilimpa kiazi na chai? Na ndizi ya kwa jirani alikula."

Usingeuliza alibaki na nani, vitu vitatu vingepotea. Mama hakudanganya, hakuwepo. Kwa hiyo bibi, dada mkubwa wa mtoto, yeyote aliyeshika mtoto, aitwe akae nanyi. Msalimie bibi kabla ya kumsalimia mama. Mara nyingi yeye ndiye anayeamua mtoto aanze uji lini, na akiona umempita kama kiti, hatafungua mdomo.

Angalia na hili. Mama akisema, "Alikula ugali na nyama," usikimbilie kuweka alama kwenye nyama. Uliza: alipewa kipande au mchuzi? Mara nyingi ni ugali uliochovywa kwenye mchuzi, vipande vimekwenda kwa baba na wageni. Mchuzi mtupu hauhesabiwi kuwa kundi la nyama. Katika kipimo cha mchanganyiko wa vyakula kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 kuna makundi manane, na mtoto anatakiwa awe amepata angalau matano, kwa hiyo alama moja uliyoiweka kwa haraka inaweza kumhamisha upande. Kinyume chake, dagaa waliosagwa ndani ya unga wa uji husahaulika kwa kuwa hawaonekani. Maziwa ya mama nayo ni kundi mojawapo, na akina mama wengi hawayataji mpaka uulize. Kwa kichanga uliza maji, maji ya sukari na dawa za tumbo kimojakimoja, hata kama umeshaambiwa ananyonya tu.

Kiasi usikikadirie kwa macho. Omba bakuli lilelile la mtoto, mwambie mama aonyeshe uji ulifika wapi, jaza maji hapo, mimina kwenye jagi lenye vipimo. Kisha uliza alibakiza kiasi gani. Kama wanakula sinia moja, muombe atenge tonge alizokula mtoto kwa kutumia ugali wa siku hiyo, upime. Na usisahau majira. Mlo wa Julai, mavuno yakiwa ndani, hausemi lolote kuhusu Februari. Ukipita siku ya gulio au siku baada ya msiba, iandike.

Kama utafiti wenu unachukua damu, jiandaeni kwa hofu. Habari za mumiani, wanaosemekana kunyonya watu damu, ni za zamani katika nchi hizi na hazijafa. Usizichekee. Mtu anayeogopa mgeni anayemtoa mwanawe damu ana akili timamu. Fungua vifaa hadharani, onyesha kwamba tone moja la kidoleni ndilo linalotakiwa, eleza linapimwa nini, na majibu umpe palepale. Akikataa, mshukuru na uendelee na mengine bila kununa. Ridhaa iliyotolewa kwa kuogopa barua ya mtendaji si ridhaa. Na mkiwa nyanda za juu kama Njombe, kumbukeni kurekebisha kiwango cha damu kulingana na mwinuko, la sivyo upungufu wa damu utaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Siku moja utazungusha utepe wa kupimia kwenye mkono wa juu wa mtoto na utasoma mzunguko ulio chini ya sentimita 11.5. Au utabonyeza sehemu ya juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba, uhesabu sekunde tatu, na kishimo kibaki. Hapo dodoso linasubiri. Huo ni utapiamlo mkali, na kipimo kimoja kati ya hivyo kinatosha. Fomu ya rufaa iwe mfukoni tangu asubuhi, namba ya mhudumu wa afya wa kijiji iwe kwenye simu, na nauli ya kituo cha afya iwe kwenye bajeti tangu siku ya kuiandika. Sikubaliani kabisa na wanaosema mtafiti akiingilia kati anaharibu takwimu. Mwandikie mama rufaa, mweleze kwa utulivu bila kumlaumu, na kesho yake piga simu kuuliza kama alifika.

Mwisho wa kazi, rudini na majibu. Vijiji vingi vimepimwa mara nyingi na havijawahi kusikia lolote. Ombeni nafasi kwenye mkutano wa kijiji, andikeni matokeo kwenye karatasi kubwa moja kwa Kiswahili, bila jina la mtoto yeyote: kati ya watoto kumi wa hapa, wangapi wamedumaa, na nini mlikiona kwenye maji, kwenye uji na kwenye muda wa mama. Pangeni mkutano saa ambayo wanawake wanaweza kuja, maana saa nne asubuhi msimu wa palizi mtawaeleza wazee watupu. Halafu nyamazeni mwasikilize. Watasahihisha baadhi ya tafsiri zenu, na masahihisho hayo yaingie kwenye ripoti kabla haijaenda kwa mfadhili.