Kupanda Menengai Julai na kuwinda sungura: jibu langu kwa aliyeuliza

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu anaweza kupanda Menengai, ule mlima wa volkano ulio juu ya mji wa Nakuru, siku moja ya Julai, baridi ikiwa imeshika, akiwa na mbwa wawili, na jioni arudi Nakuru na sungura au kanga kadhaa. Umesema umeona video za watu wa Ulaya na Marekani wakitembea kwenye theluji na bunduki begani, ukajiuliza sisi tunashindwa na nini, maana mlima tunao, baridi tunayo na sungura wapo. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu nilikuwa mwindaji miaka mingi kabla sijawa mpandaji, na jambo hili liko karibu sana na moyo wangu.

Sheria kwanza, niimalize. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya Mei 1977. Sheria ya wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ikakaza zaidi: hata ukiwinda kwa ajili ya kitoweo chako tu, bila kuuza hata pande moja, umetenda kosa. Watu wengi hudhani sheria ile ni ya ndovu na kifaru. Sungura wa porini, digidigi, kanga na kwale wote wamo. Unakumbuka 2013 na 2014, watu walipokimbilia kufuga kware? Hata aliyewafuga kwenye vizimba nyuma ya nyumba alitakiwa awe na leseni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kwa hiyo ukishuka Menengai na mbwa wawili na sungura anayening'inia mkononi, ukikutana na askari huna la kujitetea.

Wale wa kwenye video wana leseni na wana msimu. Msimu wenyewe umewekwa kwa sababu: kwao wanyama wengi wadogo huzaa kuanzia baridi inapoisha mpaka kiangazi, hivyo theluji inapoanguka watoto wameshakua. Huku kwetu karibu na ikweta sungura huzaa mwaka mzima. Ukimuua jike Julai, huna namna ya kujua umeacha nini kwenye majani. Na watoto wa sungura wa porini hawako shimoni kama wa wale wa kufugwa. Huzaliwa juu ya ardhi, wana manyoya na macho yamefunguka, na hukaa kimya palepale wakimngoja mama.

Sasa nikuambie nilikotoka.

Nilikulia upande wa Molo, kule juu ambako Julai ukungu hauondoki mpaka saa nne na nguo hukaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka. Mjomba wangu alikuwa na mbwa wanne. Miaka ya tisini, shule zikifungwa, tulikuwa tunatoka kabla jua halijachomoza, kila mtu na rungu, miguuni gambuti, mfukoni viazi vya kuchemsha ambavyo kazi yake ya kwanza ilikuwa kupasha vidole moto. Sikuwa napenda kuua. Nilikuwa napenda ile saa ya kwanza, mjomba akiinama na kusoma tope.

Asubuhi moja alinikalisha chini kando ya shamba la viazi akanionyesha nyayo. "Hizi mbili ndogo zinazofuatana ni za mbele," akasema. "Hizi mbili ndefu, zilizo sambamba, ni za nyuma. Lakini tazama, za nyuma ndizo zimetua mbele. Haya, ameelekea wapi?" Nikakosea. Akanisubiri mpaka nikaelewa kwamba sungura akikimbia miguu ya nyuma huipita ya mbele, kwa hiyo safari yake iko upande wa zile nyayo ndefu. Tukazifuata mpaka zikakatika katikati ya uwazi, kama vile mnyama amepaa. Mbwa wakazunguka, hawana harufu. Mjomba hakusogea. Akanieleza kwamba sungura akitaka kulala hurudi juu ya nyayo zake mwenyewe, kisha huruka kando mruko mmoja mrefu ili njia yake ipotee. Tukarudi hatua kama kumi, tukatazama kulia na kushoto, na mimi ndiye niliyeliona lalo: majani yamelazwa mfano wa yai, upande mmoja umezama kidogo pale makalio yalipokaa. Nikaweka kiganja. Majani yote ya kando yalikuwa na umande wa baridi, lakini pale palikuwa pakavu na pana joto. Alikuwa ameondoka dakika chache tu. Nina zaidi ya miaka arobaini sasa, na lile joto kwenye kiganja nalikumbuka kuliko nyama yoyote niliyowahi kula.

Tuliacha kwa sababu ya mbwa aliyeitwa Chui. Alikuwa mwekundu, sikio moja limekatika, na ndiye aliyekuwa akilala mlangoni kwangu. Alipotea Jumamosi ukingoni mwa msitu, tukaita mpaka giza. Tulimpata Jumatatu asubuhi. Mtu alikuwa ametega paa kwa waya wa breki ya baiskeli, akaufunga kwenye mti mchanga, na Chui akaingiza shingo. Alikuwa amezunguka ule mti mpaka magome yote ya chini yakatoka. Alikuwa bado yu hai tulipofika, akatikisa mkia, na mjomba alipojaribu kulegeza waya akafia mikononi mwake. Tulimzika palepale. Kisha tukatembea kwenye kile kichaka na kung'oa mitego mingine saba. Mwenye mitego hatukumjua. Mjomba hakutoka tena na mbwa.

Kuna hili pia la nyama. Mwaka 2015 nyati wengi walikufa kwa kimeta ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, mji ukiwa palepale mlangoni. Nyama ya porini haijapita mkononi mwa daktari wa mifugo. Ukitaka nyama ya sungura, wafugaji wapo, na wa kufugwa ana mafuta zaidi na nyama laini kuliko yule wa porini ambaye maisha yake yote ni mbio.

Lakini usiiache safari yako. Hicho unachokitafuta, ile asubuhi ya baridi na kumfuata mnyama mpaka umwone, kipo Menengai na hakuna anayekukataza. Mimi hukifanya kila Julai.

Toka mjini mapema. Kuna barabara ya gari mpaka ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano, kwa hiyo boda boda itakufikisha juu, ingawa mimi hupenda kutembea kupitia kwenye mikaratusi. Jua hutoka kama saa kumi na mbili na nusu. Uwe umefika wakati huo, kwa sababu wanyama wadogo hutembea usiku na alfajiri, na nyayo hubaki safi kabla watu na ng'ombe hawajazikanyaga. Watu wa Ulaya wana theluji ya kuwaonyesha njia. Sisi tuna tope na lile vumbi laini la majivu ya volkano likilowa kidogo. Baada ya mvua ya jioni, vumbi hilo hushika hata kucha.

Kilele kiko mita 2,278, na upepo wa pale Julai hupita sweta moja kama haipo. Vaa tatu nyembamba badala ya moja nzito, juu yake koti lisilopitisha maji, na kofia ya marvin ya kufunika masikio. Suruali ya jinzi iache nyumbani, ikilowa haikauki na itakugandisha. Beba themosi ya chai ya tangawizi, mandazi, na maji lita mbili kwa kila mtu. Wengi hudanganywa na baridi wakabeba chupa ndogo, kisha saa saba wanatafuta maji kwenye mawe yasiyo na kijito.

Ukiwa ukingoni, kabla hujatazama mbali, kaa chini ya kichaka cha leleshwa dakika ishirini bila kusema neno. Upande unaopata jua mapema, tazama majabali yenye michirizi myeupe. Ile ni mikojo ya pimbi iliyokauka miaka na miaka. Asubuhi ya baridi pimbi hutoka wakarundikana juu ya jabali kuota jua, maana miili yao haishiki joto vizuri. Nimewahi kuwahesabu kumi na wanne kwenye jabali moja, mtoto amekaa mgongoni kwa mama, mmoja amejitenga akitazama angani. Kivuli cha tai kikipita yule mmoja hupiga ukelele na jabali zima hubaki tupu kabla hujapumua.

Kushuka kreta ni jambo lingine. Upana wake ni karibu kilomita 12, kuta zinakaribia mita 500, na sakafu ni mawe ya lava yenye makali yanayokata viatu. Ukungu ukishuka Julai hutaona mita kumi mbele, na kila kichaka hufanana na kingine. Watu wamepotea humo. Usishuke peke yako, chukua kijana wa pale anayeijua njia, na uanze kupanda kabla ya saa nane, kwa kuwa mvua za Nakuru mwezi huo hupenda kuja alasiri. Kama ni mara yako ya kwanza, zunguka ukingo tu. Una siku nzima ya kazi pale.

Mbwa waache nyumbani. Wataisoma ardhi kwa niaba yako na hutajifunza kitu, na kila kwale ataruka kabla hujamwona. Beba badala yake kijiti chenye alama za sentimita, ukilaze kando ya unyayo, upige picha kwa simu. Andika saa na kama mvua ilinyesha usiku. Unyayo wa digidigi ni mdogo sana, umechongoka mbele. Usiuchanganye na wa mwanambuzi wa majirani, ambao ni mpana na butu. Wa sungura nimeshakueleza, fuata zile ndefu.

Zikikatika uwazini, rudi hatua kumi, tazama kando zote mbili, kisha weka kiganja chini. Ukipata penye joto, rudi hapa uniambie ni upande gani wa ukingo.